Mzee wa Hewa Anajibu: Handaki Jipya, Joto Jipya

Swali la kwanza

*Shikamoo Mzee wa Hewa. Mimi ni mke wa mchimbaji, naishi Kahama. Mume wangu ana miaka sita kwenye mgodi wa chini ya ardhi. Huu ni mwezi wa pili tangu ahamishiwe handaki jipya. Anasema kina ni kilekile na feni ni ya aina ileile, lakini kule kwa zamani walikuwa wanafanya kazi vizuri tu, na huku kupya ni tanuri. Akirudi, ovaroli yake naikamua kabla sijaiweka kwenye maji ya sabuni. Usiku misuli ya miguu inamkaza mpaka anaamka. Wenzake wanasema wamekaribia volkano. Wengine wanasema wamepunguziwa hewa. Nimwamini nani? Na mimi niliye huku juu nifanye nini?*
*Mke wa mchimbaji, Kahama*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye hiyo ovaroli unayoikamua. Nimetembea na vipimajoto chini ya ardhi miaka mingi, Afrika Kusini na baadaye hapa kwetu, na daftari zangu zimejaa namba. Ovaroli inayokamuliwa maji inanitosha kuliko nyingi za namba hizo.

Volkano tuiweke kando kwanza. Ol Doinyo Lengai iko mbali na Kahama, na mwamba wa Kanda ya Ziwa ni mkongwe, umepita miaka bilioni mbili na nusu, umetulia. Joto linalopanda kutoka chini huko kwenu ni dogo ukilinganisha na la Bonde la Ufa. Lakini lipo. Popote duniani ukishuka, mwamba unazidi kuwa wa moto. Sehemu nyingi za mabara ni kama nyuzijoto 25 hadi 30 kwa kila kilomita, na kwenye miamba mikongwe huwa chini ya hapo. Joto hilo lingine limebaki tangu dunia ilipoumbika, na lingine linazaliwa ndani ya mawe yenyewe, kutokana na urani, thoriamu na potasiamu, vitu vyenye mionzi vinavyovunjika humo taratibu. Kwa hiyo wenzake wameona jambo la kweli, ila wamelipa jina lisilo lake.

Sasa kwa nini handaki moja lipoe na jingine liwe tanuri, na kina ni kimoja?

Songa ugali, upakue, uuache kwenye sahani robo saa. Weka kiganja juu yake. Umepoa, hata mtoto ataugusa. Sasa mega katikati. Utaungua vidole, na pale ulipomega mvuke unapanda. Ule uso wa juu umekwisha kutoa joto lake kwa hewa ya jikoni, lakini katikati bado ni kama ulivyotoka kwenye sufuria. Pale ulipomega ndipo anapofanya kazi mume wako.

Handaki la zamani limepitiwa na hewa mwaka baada ya mwaka. Kila saa hewa imechukua joto kidogo ukutani, na ubaridi umekuwa ukizama ndani ya mwamba. Unazama polepole mno. Kwenye jiwe la aina ya granaiti, kwa siku moja unafika kama sentimita 30. Kwa mwezi, kama mita moja na nusu. Kwa mwaka, mita tano au sita. Ukitaka uzame mara mbili ya hapo, muda uzidishe mara nne. Kwa hiyo handaki la miaka kumi limevikwa mwamba uliopoa, unene wa mita nyingi kila upande, na joto la ndani likitaka kumfikia mtu lazima lipenye unene wote huo. Handaki la miezi miwili bado halijavaa cha maana.

Nilikuwa na mazoea kila nilipofika kwenye makutano ya njia ya zamani na njia mpya. Nilivua glavu, kiganja cha kushoto nikakiweka kwenye ukuta wa zamani, cha kulia kwenye ukuta uliolipuliwa jana. Ule wa zamani ni mkavu, una vumbi, unapokea mkono kama ubavu wa mtungi. Ule wa jana bado una michirizi mirefu ya matundu ya baruti, umelowa, na mkono unahisi kama umeushika uso wa mtoto mwenye homa. Hatua kumi tu katikati yake. Vijana niliowafundisha kazi niliwafanyisha hivyo siku ya kwanza, kabla sijawapa chombo chochote.

Lakini kiganja kinaeleza uso wa ukuta tu. Ukitaka joto halisi la mwamba usioguswa, unachoronga tundu la mita kumi au zaidi mara tu uso mpya unapofunguliwa, unaingiza kipimajoto mpaka mwisho, unaziba mdomo wa tundu hewa isiingie, unakwenda zako. Unarudi kusoma kesho au keshokutwa, maana maji ya kuchorongea nayo yanapotosha kipimo. Ukichelewa miaka kadhaa, utakuwa unapima kazi ya feni.

Kuna na kifusi. Watu wanauangalia ukuta wanakisahau kifusi kilicholala mbele yao. Tani moja ya mawe iliyotoka kwenye mwamba wa nyuzijoto 45 ikapoa mpaka 30 inaachia joto la kutosha kugeuza lita tano za maji kuwa mvuke. Mlipuko mmoja ukiangusha tani 200, hiyo ni lita elfu moja, tangi zima la juu ya nyumba. Na mawe yaliyovunjika yana nyuso nyingi, kwa hiyo hayachukui miezi kulitoa joto lake. Mengi yanalitoa ndani ya shifti ileile, wakati mume wako amesimama pembeni anapakia. Ongeza mashine ya kupakia yenye injini ya dizeli. Katika kila lita ya mafuta, kama theluthi moja tu ndiyo inayofanya kazi, theluthi mbili zinatoka papo hapo kama joto, na hata ile theluthi ya kazi mwisho wake ni joto pia.

Hewa yenyewe nayo haifiki ikiwa baridi. Umewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi? Hewa ikibanwa inapata moto. Ikishuka shimoni inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na kama shimo ni kavu inaongezeka kama nyuzijoto moja kila mita mia. Mita elfu moja, karibu nyuzijoto kumi, kabla haijagusa mwamba wa moto hata mmoja.

Sasa nifike kwenye hatari yenyewe, na hapa naomba usome taratibu, ikiwezekana umsomee.

Mwili unajipoza kama mtungi. Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka upande wa nje, yanaondoka na joto. Mtungi wa Dodoma mwezi wa nane unakupa maji ya kukuuma meno. Upeleke mtungi uleule Tanga kwenye masika, maji yanabaki vuguvugu, kwa sababu hewa imeshiba unyevu na haina pa kuweka mvuke mwingine. Jasho la mchimbaji ni hivyohivyo. Likikauka mwilini linampoza. Likidondoka chini au likilowesha ovaroli, halijamsaidia kitu. Amepoteza maji na chumvi, joto limebaki palepale. Ndiyo maana misuli inamkaza usiku. Chumvi imetoka.

Na huo unyevu unatoka wapi? Kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mwamba wa moto ukikutana na maji. Maji yanayotiririka sakafuni, maji ya kuchorongea, maji yanayotoka kwenye nyufa yakiwa na joto lilelile la mwamba. Ukuta mkavu unapasha hewa joto na kipimajoto cha kawaida kinaonyesha. Ukuta uliolowa unatumia joto lake kukausha maji, kwa hiyo kipimajoto cha kawaida kinatulia na watu wanafurahi, huku hewa inashiba mvuke. Hicho kipimajoto kikavu kimewadanganya wasimamizi wengi.

Sisi tunatembea na vipimajoto viwili kwenye fremu moja. Kimoja kikavu, cha pili kimevishwa utambi wa pamba uliolowa maji. Unazungusha kama kereng'ende kwa dakika moja hivi, unasoma upesi, ule wa utambi kwanza. Kikavu kikisoma 33 na cha utambi 25, jasho linafanya kazi yake. Vyote vikisoma 32, huyo mtu mtungi wake umekufa. Afrika Kusini, kipimajoto cha utambi kikipita 27.5 mgodi unatakiwa uwe na mpango maalumu wa kulinda watu dhidi ya joto, na kikipita 32.5 mahali hapo hapafai kwa kazi ya kawaida. Hizo namba mbili mume wako azijue kama anavyojua namba yake ya simu.

Nilijifunza uzito wake vibaya. Nilikuwa bado kijana kazini, mgodi mmoja huko Afrika Kusini. Tulikuwa kwenye handaki lisilo na tokeo, bomba la hewa la turubai lilikuwa limechanika nyuma yetu na hakuna aliyeripoti kwa sababu shifti ilibakiza saa mbili. Mwenzangu mmoja alianza kuzungumza maneno yasiyo na mpangilio. Alikuwa anatafuta koleo aliyoishika mkononi. Tulicheka. Namaanisha hivyo, tulicheka, tukadhani amechoka. Dakika chache baadaye alikaa chini na macho yake yakawa hayatuoni. Kipimajoto changu cha utambi kilisoma 33. Msimamizi aliyekuwepo alitaka abebwe mbiombio mpaka juu, na mchorongaji mmoja mtu mzima akakataa, akamlaza palepale kwenye mdomo wa bomba la hewa, akamvua nguo, akammwagia maji ya kuchorongea mwili mzima, akatuamrisha tumpepee kwa vipande vya turubai. Ubongo unaungua kwa dakika, na safari ya kutoka ilikuwa zaidi ya saa nzima. Alipona. Yule mzee ndiye aliyemponya, na tangu siku ile nafundisha hivyo: poza kwanza, beba baadaye, na mtu asiyejitambua usimnyweshe kitu mdomoni.

Umeuliza kama wamepunguziwa hewa. Inawezekana bila mtu kukusudia. Feni ya aina ileile haina maana ya hewa ileile mbele. Handaki likirefuka bomba linarefuka, na kila kiungo kinavuja. Nimewahi kupima bomba ambalo nyuma zinaingia mita za ujazo 14 kwa sekunde na mbele kwenye uso wa kazi, pale mwamba unapochimbwa, zinatoka sita. Feni nayo inapasha hewa joto. Umeme wote inaokula unaishia kuwa joto, na feni ya kilowati 55 inayosukuma mita za ujazo 15 kwa sekunde inaipandisha hewa kama nyuzijoto tatu. Kwa hiyo kuongeza feni nyuma ya bomba lililochanika ni kumwongezea mtu joto. Mume wako aulize mambo haya kwenye kikao cha usalama cha asubuhi, kwa heshima na mbele za watu: mdomo wa bomba uko mita ngapi kutoka kwenye uso wa kazi? Hewa inayotoka mbele imepimwa lini? Kipimajoto cha utambi kinasoma ngapi? Maji ya moto yanayotoka kwenye nyufa, mbona yanatembea wazi sakafuni badala ya kuingizwa kwenye bomba au mtaro uliofunikwa? Hayo ya mwisho gharama yake ni ndogo na faida yake inaonekana wiki hiyohiyo. Ila asije mtu akaacha kulowesha kifusi kwa sababu nimesema maji ni adui. Vumbi la mawe linaua mapafu. Maji ya kulowesha yabaki, na yakiletwa yakiwa baridi kutoka juu yanafanya kazi mbili.

Na wewe huku juu. Babu yangu alikwenda Wenela, shirika lililokuwa likiajiri watu kwa migodi ya Afrika Kusini, kutoka Rungwe, miaka ya hamsini, kabla uhuru haujaifunga njia ile. Alirudi na sanduku la bati, blanketi na neno *shisa*, yaani moto, alilokuwa analisema kila akigusa chai. Alitusimulia kwamba siku za mwanzo hawakupewa kazi kamili. Walipelekwa mahali penye joto wakapewa koleo, wakawa wanahamisha mawe kwa mwendo uliopangwa, siku baada ya siku wanaongezewa, mpaka mwili uzoee. Yeye alidhani ni adhabu. Kumbe mwili unajifunza: baada ya wiki moja au mbili mtu anatoa jasho mapema zaidi, jingi zaidi, lenye chumvi kidogo zaidi, na moyo haupigi kwa kasi kama mwanzo. Mazoea hayo yanapotea. Mume wako akija likizo wiki tatu, mwili umesahau. Siku za kwanza akirudi ndizo za hatari, na ndizo anazotaka kuonyesha kwamba hajalegea. Mzuie hapo. Ale chakula chenye chumvi ya kawaida kabla ya shifti, abebe maji ya kutosha na anywe kikombe kila robo saa au dakika ishirini, asingoje kiu. Pombe ya usiku wa kuamkia kazini aiache kabisa. Asubuhi yake anaingia mgodini akiwa tayari amekauka. Akiwa ameharisha au ana homa, asishuke. Nakuomba hilo ulisimamie hata akununie.

Swali la pili

*Mzee, shikamoo. Mimi ni mwanaapolo, Mirerani. Mwezi wa saba alfajiri mdomo wa shimo letu unatoa moshi mweupe kama chungu cha maharage, na chini tunapumua vizuri. Mwezi wa pili mchana hakuna moshi, na chini hewa imesimama kabisa. Je, shimo linapumua? Tunapima kwa mshumaa, ukiwaka tunashuka.*
*Kijana wa Mirerani*

Marahaba, kijana wangu. Linapumua, na pumzi yake ni tofauti ya joto kati ya mwamba na hewa ya nje.

Jua la mchana halifiki mbali kwenye jiwe. Sentimita ishirini au thelathini tu na mchana na usiku vinaanza kusahaulika. Mita kumi chini, hata kipupwe na kiangazi haviachani. Kwa hiyo mwamba wenu una joto lilelile mwaka mzima. Mwezi wa saba alfajiri hewa ya nje ni ya baridi, ni nzito, inazama shimoni, inapashwa joto na mwamba, inalowa, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikifika mdomoni na kukutana na baridi, unyevu wake unageuka kuwa ukungu. Huo ndio moshi wenu. Mwezi wa pili mchana, hewa ya nje ndiyo ya moto na nyepesi, ya chini ni ya baridi kuliko ya nje, inalala humo kama maji kwenye bakuli. Hakuna kinachoiinua. Mkiunganisha mashimo mawili yenye midomo ya urefu tofauti kilimani, pumzi inakuwa na nguvu zaidi, lakini mjue kwamba inaweza kugeuka upande au kusimama saa fulani ya mchana, msimu unapobadilika au hata ndani ya siku moja.

Mshumaa wenu unanitia hofu. Mshumaa unazimika oksijeni ikipungua. Hewa ya baruti na ya injini ina monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu, na mshumaa unawaka ndani yake vizuri kabisa huku mtu anakufa. Mwaka 2002 Mirerani ilizika vijana wengi waliokosa hewa chini. Baada ya kulipua kwenye msimu wa hewa iliyosimama, msishuke mpaka kompresa imepuliza kwa muda mrefu na mpira wa hewa umefika mpaka chini kabisa, si nusu ya njia. Na kabla ya kuiwasha, nenda ukaangalie mwenyewe kompresa inavuta hewa kutoka wapi. Kama pua yake iko karibu na bomba la moshi la injini, mnapeleka sumu kwa mpira moja kwa moja kwa wenzenu. Isogezeni upande upepo unakotoka. Kazi ya nusu saa.

Swali la tatu

*Jambo, baba. Ninasoma uhandisi Lubumbashi. Babu yangu alifanya kazi Kipushi. Nimesikia Afrika Kusini wanashusha barafu mgodini. Kwa nini barafu, na si maji ya baridi? Na je, mwamba hauwezi kutusaidia badala ya kutuumiza?*
*Mwanafunzi, Lubumbashi*

Jambo, mwanangu. Nimefurahi kusikia habari ya babu wa Kipushi, mgodi ulioanza 1924, ukafurika 2011, ukarudi kuzalisha 2024. Muulize maneno waliyokuwa wanayatumia kwa joto, uyaandike kabla hayajapotea.

Barafu ni hesabu ya pampu. Mponeng, mgodi wa dhahabu karibu na Carletonville, Afrika Kusini, unakaribia kilomita nne kwenda chini na mwamba wake unapita nyuzijoto 60. Kila kilo ya maji unayoshusha kupoza, lazima uipandishe tena. Kilo ya maji baridi ikipanda kwa nyuzijoto 20 inabeba kilojuli 84. Kilo ya barafu, kwa kuyeyuka tu, inabeba 334, kisha maji yake yanabeba 84 zilezile. Jumla 418, mara tano. Kwa hiyo kazi ileile ya kupoza unaipata kwa moja ya tano ya maji ya kupandisha. Na usidhani kina ndicho kinachoamua peke yake. Kwenye miamba ya dhahabu ya Witwatersrand joto linaongezeka kama nyuzijoto 10 hadi 12 tu kwa kilomita, ndiyo maana wamefika mbali hivyo. Kwenye platini ya Bushveld, hukohuko Afrika Kusini, ni karibu mara mbili, na migodi ya kilomita mbili inateseka kama ile ya nne.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nichague barua yako. Mwamba unasaidia. Kwenye mgodi wa Creighton, karibu na Sudbury, Kanada, hewa inayoingia hupitishwa kwanza kwenye lundo kubwa la mawe yaliyobomoka ndani ya shimo la zamani. Kiangazi mawe yanaipoza. Wakati wa theluji mawe yaleyale yanairudishia joto lililotunzwa, na mgodi unaokoa nishati nyingi kila mwaka. Kumbuka hesabu ya ubaridi niliyompa mama wa Kahama. Mwamba mzima ni mzito kuamka, lakini jiwe lililovunjika la ukubwa wa kichwa cha mtu linapoa mpaka katikati ndani ya usiku mmoja.

Lubumbashi mwezi wa saba usiku ni baridi na mchana ni joto. Tafuta mapipa mawili, moja ulijaze mawe ya ukubwa wa ngumi, jingine mawe ya ukubwa wa kichwa. Toboa chini, weka feni ndogo ivute hewa kupitia mawe usiku kucha, mchana uendelee kuvuta. Pima hewa inayoingia na inayotoka kila saa kwa siku tatu, kwa vipimajoto vyote viwili, kikavu na cha utambi. Utaona pipa lipi linachoka mapema na lipi linadumu mpaka saa tisa alasiri, na mawe makavu yanavyotofautiana na yaliyoloweshwa. Namba zako nitumie, hata zikitoka vibaya.